Bi Ijumaa na Mafundi wa Paa

Mama mkwe wangu ni mwongo. Nalisema hili mapema, tena kwa heshima zote, kwa sababu mtaa mzima unalijua na yeye mwenyewe hakatai. Ni fundi cherehani wa miaka arobaini na kitu, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumaliza nguo siku aliyosema. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, anakipapasa, anakutazama usoni, anatabasamu, anakwambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ukifika unakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokiacha, naye anakuvutia kiti, anakuuliza habari za watoto mmoja mmoja, halafu anasema, "Yako imebaki vifungo tu." Watu wamemwita Bi Ijumaa kwa muda mrefu hata wapo wanaodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi mwenyewe gauni langu la harusi alinishonea yeye. Wageni wamekaa, bwana harusi ameshafuta jasho mara kumi, na mimi nimesimama nyuma ya mlango huku mama mkwe amepiga magoti, sindano mdomoni, anapinda pindo. Vifungo viwili vya mgongoni sijafungiwa hadi leo. Mwaka mzima wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikimsalimia kwa adabu na moyoni namnunia.

Lakini kitambaa chako kwake hakipotei, na hilo pia mtaa unalijua. Siku unapomkabidhi, kabla hajakupima hata bega, anakata kona ndogo ya kitambaa, upana wa kidole, anaibana kwa pini kwenye karatasi ya vipimo vyako. "Hiki ni shahidi wako na wangu," anasema. "Siku ukidai nimekubadilishia, tutakaa mezani tulinganishe." Na ukimletea kitambaa cha maua, ndipo utaona kichaa chake. Mfuko hauwezi kushonwa juu ya blauzi mpaka ua lililokatwa nusu kwenye mfuko likutane na nusu yake kwenye kifua, jani kwa jani. Nimewahi kumwona akifumua kazi nzima kwa sababu shina la ua limepishana kwa upana wa uzi. Ndiyo maana Ijumaa yake haifiki.

Nyumba yake ina vyumba viwili vya kulala, jiko, na sebule ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitumia kama sebule. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na makochi yamebanwa ukutani yakiwa yamebeba nguo za watu. Nyumba hiyo aliijenga na marehemu baba mkwe, aliyekuwa makanika. Mbao za paa walizipaka wenyewe oili chafu aliyoibeba kwa madebe kutoka gereji, ubao kwa ubao, pande zote nne, kabla hazijapanda juu. Gauni alilovaa mama wiki hiyo halikutakata tena. Hadi leo analo, amelikata vipande, anafutia cherehani.

Baba mkwe alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo mume wangu hakuwa na amani. Simu ya mama isipopokelewa mara mbili, anavaa viatu. Mimi simlaumu, ni mwana wa pekee, na mama alishawahi kuteleza jikoni akakaa sakafuni saa nzima akisubiri mguu ukubali. Mume wangu akaanza wimbo wake: Mama, hamia kwetu, chumba kipo, nyumba tuiuze. Mama akawa anapiga chenga. Mwishowe wakakaa kikao, mjomba wa mume wangu akiwepo, wakakubaliana jambo moja: mama abaki pale, lakini siku nyumba ikihitaji matengenezo makubwa, basi, anahama na nyumba inauzwa. Mama alikubali bila kubishana. Alikuwa na hakika na nyumba yake kuliko alivyokuwa na hakika na magoti yake.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimepata siku chache za likizo pale dukani ninapouza dawa, nikaenda kumsaidia mama kufua mapazia. Yeye alikuwa ametoka kununua uzi. Mlango ukabishwa, nikafungua. Wanaume wawili, makoti yanayong'aa, kofia ngumu za njano, mmoja ana ngazi begani na mfuko wa vifaa, mwingine ameshika faili. Wakaniamkia vizuri sana, kama watu wa msiba. Mwenye faili akasema wanapita nyumba hadi nyumba kukagua mapaa kwa sababu ya ule upepo wa wiki iliyopita, na kwamba wakiwa barabarani wameona bati la mama limenyanyuka upande mmoja. Kukagua ni bure. Dakika tano tu.

Upepo ulikuwepo kweli. Na kulikuwa na beseni dogo chumbani kwa mama, chini ya tone moja linalodondoka mvua ikizidi. Vitu viwili vya kweli, nami nikameza uongo wote uliofungwa humo. Nikawafungulia.

Yule wa ngazi akapanda na mfuko wake. Nilisikia nyundo ikigonga huku na kule, bati likilia. Akashuka na kipande cha ubao, urefu wa kiganja na nusu, kimeliwa na mchwa hata unga unamwagika. Hapo ndipo mama akaingia na mfuko wake wa uzi.

"Ninyi ni nani?" akauliza.

"Mafundi wa paa, mama," mwenye faili akajibu. "Mungu ametuleta. Tazama hiki kimetoka juu ya kichwa chako. Unalala chini ya unga."

Mama akavaa miwani. Akakitazama kipande pande zote, akakinusa.

"Mbao zangu zilipakwa oili. Ni nyeusi."

"Oili huisha, mama. Miaka mingapi hiyo? Mchwa wanailamba kama uji." Kisha akanigeukia mimi, maana alishajua nani ni laini humu ndani. "Dada, mimi nisingelala humu hata leo. Bahati nzuri tuna mbao na mabati yaliyobaki kwenye kazi ya mtaa wa pili. Tukifanya wiki hii, mtalipa nusu. Wiki ijayo siwezi kuahidi."

"Nimesikia," mama akasema. "Kipande niachie."

"Cha nini, mama?"

"Mimi ni fundi nguo. Kila kazi inayoingia humu nabaki na mfano wake."

Yule bwana akacheka, akampa. Nadhani aliona ni faida kwake, kipande kikae pale mezani kituogopeshe vizuri.

Walipoondoka mama aliniuliza swali moja. "Yule wa juu ulimsikia akitumia msumeno?"

"Nilisikia nyundo."

"Hiki kimekatwa kwa msumeno upande huu. Umenyooka."

Nilipaswa kunyamaza na kufikiri. Badala yake nilimpigia mume wangu simu, nikatia na chumvi juu. Nilisema paa linaanguka. Sijui kwa nini nilisema vile. Labda kwa sababu nilikuwa nimeogopa, labda kwa sababu mimi ndiye niliyefungua mlango, na nilitaka niwe nimefungua mlango kwa jambo la maana.

Jioni ile mume wangu akaja, akakibonyeza kile kipande kwa kidole gumba, kikabonyea. Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika tama.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nyumba ikiharibika. Haijaharibika."

"Hiki ni nini?"

"Ubao wa mtu mwingine."

"Mama, ubao wa mtu mwingine ufuate nini juu ya paa lako?" Akanitazama mimi nimsaidie, nami nikatazama mapazia. "Nitaongea nao. Watengeneze, tupate kuiuza kwa bei ya maana. Paa likiezuliwa huwezi kukaa humu. Utakuja kwetu."

"Mpaka litakapoezekwa."

Mume wangu hakujibu, na sote watatu tulijua maana ya kutojibu kule. Bati likishashuka, mama angetoka na cherehani yake, na asingerudi. Akampigia simu mwenye faili hapo hapo, kwa namba aliyokuwa ameniachia. Wakapatana waanze Ijumaa asubuhi, malipo ya kwanza mkononi.

"Ijumaa," mama akasema mume wangu alipokata simu. "Hata neno langu wameniibia."

Siku mbili zilizofuata nilifunga vitu. Mume wangu alileta maboksi ya kadibodi kutoka stoo anakofanya kazi, na mimi nikawa natia humo sahani, shuka, picha za ukutani. Mama hakunisaidia wala hakunizuia. Alikaa kwenye cherehani akishona, na mteja akija anamwambia njoo Ijumaa, kama mtu ambaye Ijumaa hiyo atakuwepo. Nilimwambia, "Mama, Ijumaa nyumba itakuwa haina paa." Akajibu, "Basi watachukulia juani." Kila nilipopita karibu na meza niliona kile kipande cha ubao. Alikuwa amekibana karatasi kwa pini, ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: Paa. Jumanne.

Alhamisi mchana akaja Mwalimu. Huyu ni mzee mstaafu anayekaa nyumba ya nne kutoka kwa mama, mjane kama yeye, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kutupa taka. Alikuwa amekuja kufuata suruali yake kwa mara ya saba. Najua ni mara saba kwa sababu alizihesabu kwa sauti akiwa bado mlangoni.

"Imebaki pindo tu, Mwalimu," mama akasema. "Kaa."

"Nimekaa hapa mara sita, Bi Ijumaa. Leo nitasimama."

Akasimama, na kwa kuwa amesimama macho yake yakaangukia mezani. Akakisogelea kile kipande, akakitazama bila kukigusa.

"Hiki kimefikaje hapa?" akauliza. "Nilikiacha kwangu juu ya kabati."

"Hicho ni cha kwangu," mama akasema. "Wamekitoa juu Jumanne."

"Nani wamekitoa?"

"Wawili. Kofia za njano."

Mwalimu akavuta kiti akakaa, baada ya kuapa kwamba hatakaa. Alieleza polepole, kama mtu anayesoma barua inayomfedhehesha. Walifika kwake Jumatatu. Walimtolea kipande cha ubao ulioliwa, wakamwambia upande wa jikoni utamwangukia. Akawapa malipo ya kwanza, fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya meno. Walisema wanakwenda kuleta mbao. Hakumwambia mtu, hata binti yake. "Nimefundisha watoto hesabu miaka thelathini na moja," alisema. "Ningemwambia nani?"

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Nenda kalete chako."

Alikwenda, akarudi nacho amekifunga kwenye gazeti. Mama akasogeza nguo zote za meza ya kukatia, akafuta meza kwa kipande cha lile gauni lake la oili, akaviweka vile vipande viwili kando kando. Akavigeuza. Akavigeuza tena. Nilijua anachofanya, nimemwona akikifanya mara elfu kwa mifuko na kola. Kisha akavisukuma vikagusana, upande ulionyooka kwa upande ulionyooka.

Njia za mchwa zilikutana. Zilikuwa nyembamba na zimepindapinda kwenye kipande cha mama, zikafika ukingoni, na palepale zilipoishia ndipo zilipoendelea kwenye kipande cha Mwalimu, zote tano. Na katikati, pale msumeno ulipopita, kulikuwa na tundu la msumari lenye kutu. Nusu yake ilikuwa huku na nusu yake kule.

"Kitambaa kimoja," mama akasema.

Ubao mmoja mbovu, umeokotwa jalalani huko, umekatwakatwa vipande, unatembezwa kwenye mfuko kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mwenye nyumba anaoneshwa kifo chake. Nikatoa simu nimpigie mume wangu.

"Weka," mama akasema.

"Mama, ana fedha mkononi, kesho..."

"Ukimwambia kwa simu atasema nimezeeka, na wewe umeingiwa na huruma. Aone mwenyewe." Akavua miwani. "Na usiniangalie hivyo, mwanangu. Kufungua mlango si kosa. Mimi nafungulia watu kila siku ninaojua wamekuja kunitukana."

Nililia kidogo jikoni, sitaki kusema uongo, mwongo mmoja anatosha katika familia.

Ijumaa ikafika. Nilikuja mapema na mume wangu, yeye ana bahasha mfukoni. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kona, miguu pamoja, gazeti magotini. Mume wangu alidhani amefuata suruali na akamwonea huruma.

Mafundi walifika saa mbili kamili. Nawapa sifa hiyo. Kofia, makoti, ngazi, faili. Yule wa ngazi akaanza kuiegemeza ukutani pale nje. Na nyuma yao, bila kujuana nao, wakaanza kuingia wateja. Mama alikuwa amewaambia wote Ijumaa, kama kawaida yake, na wiki hiyo alikuwa ameahidi watu wengi kuliko kawaida. Akaja muuza mkaa anayedai blauzi. Akaja muuguzi wa zahanati, wakaja dada wawili wa sare za kwaya, akaja bibi anayedai shuka za mjukuu. Nilihesabu wanawake kumi na mmoja kutoka mlangoni hadi getini, kila mmoja na mfuko mtupu na uso wa kudai haki.

Mwenye faili akaingia sebuleni akisugua mikono. "Mzee, tuanze?" akamwambia mume wangu.

Mume wangu akatia mkono mfukoni. Mama akasimama.

"Kijana, kabla hujagusa bati langu, niambie. Hiki kipande mlikitoa wapi?"

"Juu, mama. Juu ya chumba cha kulala. Pameliwa pote."

"Una hakika?"

"Mama, kazi hii nina miaka kumi na tano."

"Sikukuuliza miaka. Nimekuuliza mahali."

"Juu ya chumba chako cha kulala." Bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kumchosha.

"Umesikia, baba," mama akamwambia mwanawe. "Mwalimu, na chako walikitoa wapi?"

Mwalimu akafungua gazeti. "Kwangu. Upande wa jikoni. Nyumba ya nne kutoka hapa."

Mama hakuwa na haraka. Mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na bibi harusi hawezi kuharakishwa na tapeli. Akaviweka vipande mezani, akavigeuza, akavisukuma vikagusana, kisha akamwita mume wangu. "Njoo karibu. Macho hayo sikukuzalia ya mapambo."

Mume wangu akainama. Aliweka kidole kwenye njia moja ya mchwa kwenye kipande cha mama, akaifuata taratibu, akavuka mpaka, akaendelea nayo kwenye kipande cha Mwalimu hadi mwisho. Akarudia kwa njia ya pili. Akatia ncha ya kidole kwenye tundu la msumari. Alipoinuka uso wake ulikuwa mkavu, na mkono wake ulitoka mfukoni bila bahasha.

"Mchwa ni mchwa, mzee," mwenye faili akasema. "Njia zake zinafanana popote."

"Mchwa hana tepu, kijana," mama akasema. "Hawezi kula kwangu mpaka mahali fulani, akapumzika, akaenda nyumba ya nne akaendelea palepale alipoishia. Tena mchwa watano. Na msumari nao? Mliupigilia nusu kwangu, nusu kwa Mwalimu?"

Mama akazunguka meza akasimama mbele yake. Anamfikia kifuani.

"Nisikilize vizuri. Mimi nimedanganya watu kuhusu siku kwa miaka arobaini. Waulize hao hapo nje. Kwa hiyo uongo naujua, hata ukija umevaa kofia. Lakini sijawahi kumdanganya mtu kuhusu kitambaa chake mwenyewe. Hujaniambia utachelewa. Umeniambia nyumba yangu imeoza. Umemwambia mwanangu, akaleta maboksi. Mrudishie Mwalimu alichokupa, kisha utoke kwangu."

"Mama, hayo ya Mwalimu ni mambo mengine, fedha ile imeshakwenda kwenye mbao," akasema huku akirudi nyuma kuelekea mlangoni, na alipogeuka akakutana na muuza mkaa.

Muuza mkaa ni mwanamke wa mabega. Alikuwa amesikia yote, maana dirisha la mama halina kioo upande mmoja. Alikuwa ameweka mfuko wake mtupu chini na kukunja mikono, na nyuma yake wale wengine kumi walikuwa wamesogea wakawa kama pazia.

"Mimi nina wiki tatu nasubiri blauzi," alisema. "Kusubiri nimeshazoea. Na ninyi mtasubiri hapa hapa na mimi mpaka Mwalimu apate chake."

"Mnatuzuia kinyume cha sheria," akasema yule wa ngazi.

"Vizuri," akasema muuguzi. "Nimeshawapigia kituoni. Watakuja kutuambia sheria."

Bibi wa shuka alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi yao. Mwisho mwenye faili akalifungua faili lake, na ndani hamkuwa na ramani wala fomu, mlikuwa na karatasi nyeupe na bahasha ya Mwalimu ikiwa bado ina mwandiko wake wa darasani. Mwalimu akahesabu mara mbili, kwa mdomo, polepole, kama anayewapa somo. Alipotikisa kichwa kukubali, pazia likafunguka, nao wakapita katikati ya wanawake kumi na mmoja wakiangalia viatu vyao. Faili walilisahau. Ngazi hawakuthubutu kuigusa, bibi alikuwa bado ameikalia. Watu wa kituo walifika baadaye, wakaandika, wakachukua faili na vile vipande viwili, na mama akawasainisha karatasi kwamba vipande ni vyake na vya Mwalimu na vitarudishwa.

Mume wangu alikuwa bado amesimama mezani. Kisha akatoka nje, akamwomba bibi ainuke, akapanda ngazi. Tulimsikia juu akilegeza bati. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nikatoka nikamtazama kutoka chini. Alikuwa ameingiza mkono hadi begani chini ya bati, anapapasa, na alipoutoa kiganja chake kilikuwa cheusi. Akakinusa. Nilijua ananusa gereji, anamnusa baba yake akirudi jioni, nikaangalia pembeni ili asione kwamba nimeona.

"Mama," akaita. "Mbao ni nzima."

"Najua."

"Kuna msumari mmoja hauna mpira. Ndio unaovuja."

"Nao najua. Weka mpira, ushuke. Utanikunjia bati."

Akashuka. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili na weusi haukutoka. Akaingia ndani, akayatazama maboksi yaliyopangwa ukutani, halafu akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshalipasua moja kwa mkasi na anachora juu ya kadibodi mkono wa blauzi.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Nipe chaki hiyo."

Akampa. Alibaki amesimama, mtu mzima wa miaka arobaini, hajui aweke wapi mikono yake myeusi. Naelewa wasiwasi ule, kwa sababu umelala kitandani kwangu miaka miwili. Paa zima halimzuii mama kuteleza jikoni.

"Lakini siku moja utakuja kukaa na sisi," alisema. "Si lazima sasa. Nataka tu uniambie ni lini, nijue."

Mama akainua kichwa. Akamtazama usoni, akatabasamu, tabasamu lilelile ninalolijua tangu nyuma ya mlango siku ya harusi yangu.

"Ijumaa," akasema.

Wanawake kumi na mmoja wakaangua kicheko pale mlangoni, Mwalimu naye akacheka kwenye kona yake, suruali haina pindo, kabla mume wangu hajaelewa kwamba ameshajibiwa.